Pipa Lililokataa Kuchachuka

Mimi si mtu wa subira. Wanafunzi wangu huko Kaaga wanalijua hilo, na kaka yangu mkubwa analijua kuliko wao. Kwa hiyo nilipofika nyumbani Jumamosi moja ya mwezi wa pili, nikamwona katikati ya kahawa ya mama yetu akiwa na mtu wa pawa soo, ule msumeno wa mashine, akimwonyesha kwa mkono kutoka mstari huu hadi ule, sikungoja wapande waje mlangoni. Niliacha mkoba barazani nikashuka mteremko na viatu vyangu vya mjini.

"Mnapima nini?"

"Salamu kwanza, mwalimu," kaka akasema. Huniita mwalimu anapotaka kunikumbusha kwamba nyumbani sina darasa.

"Hamjambo. Mnapima nini?"

"Kahawa inatoka. Tunaweka avokado. Mama anajua."

"Anajua ama amekubali?"

Mtu wa pawa soo alitoa simu yake akaanza kuitazama kwa makini sana. Hapo nikajua kwamba mama hajakubali.

Kwetu ni juu kidogo ya Kianjokoma, pale ambapo kahawa inaanza kushindwa na baridi na kuiachia chai nafasi. Baba alipanda kahawa yake hadi mlangoni. Ukifungua dirisha la jikoni wakati wa mvua, tawi linaingia ndani na kudondosha maji kwenye sahani. Ni ile aina ya zamani, tamu kikombeni lakini dhaifu kwa magonjwa, na ugonjwa unaoipenda kuliko yote ni kutu ya majani. Mvua ikishika, jani linatoka madoa ya njano. Ukiligeuza, upande wa chini una unga wa rangi ya chungwa unaobaki kidoleni. Huo ni ukungu. Jani hilo litaanguka, na la jirani yake litaanguka, mpaka mti ubaki na fimbo tupu zilizobeba matunda yasiyoweza kuiva.

Kwa miaka mingi kaka ndiye aliyekuwa akipiga dawa za kuua ukungu, kopa na nyingine kali zaidi, pampu mgongoni, leso mdomoni. Halafu kifua cha mama kikaanza kusumbua. Mwaka uliotangulia kaka alipiga dawa asubuhi, upepo ukageuka ukaileta yote jikoni, na kabla ya adhuhuri alikuwa amembeba mama mikononi kumtia kwenye gari la jirani, midomo ya mama imebadilika rangi. Hospitalini Embu walisema mapafu yale hayataki tena kemikali karibu na nyumba. Kaka aliporudi aliitundika pampu kwenye boriti ya ghala. "Siwezi kumuua mama kwa sababu ya kahawa," alisema.

Kwa hiyo hakuwa mtu mbaya. Naliandika hilo mapema kwa sababu huko mbele nitamsema vibaya.

Mama naye alikuwa na sababu yake, ila haikuwa sababu ya kutangaza. Chini kabisa ya shamba, mstari wa mwisho kabla ya njia ya mtoni, amelala dada yetu, kitindamimba. Alikufa kwa homa ya matumbo akiwa hajaanza shule. Alikuwa amepewa jina la nyanya yetu, mama yake mama, na kwa desturi yetu mama alikuwa akimwita "mama", basi hata kumgombeza alikuwa anaona haya. Hatukumwekea saruji. Baba alipanda miche miwili ya kahawa, mmoja kichwani na mmoja miguuni, katika mstari uleule wa mingine. Leo ni miti mikubwa, na mgeni akipita haoni kitu ila kahawa.

"Hiyo miwili nitaiacha," kaka alimwambia mama jioni ile. "Nakuapia. Nitaizungushia hata ua."

Mama alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. "Ukiacha miwili peke yake, kila anayepita atauliza ni ya nini," alisema bila kuinua macho. "Sasa hivi amelala kati ya wenzake. Mwache hivyo."

Kaka alitoka nje akasimama karibu na tangi la maji. Nilimfuata. Nyumbani tunaongea Kiembu, lakini mimi na yeye tukigombana huwa tunaingia Kiswahili, labda kwa sababu shuleni ndiko tulikojifunzia kugombana.

"Nipe hizi mvua ndefu," nikamwambia. "Zikiisha na matawi yamebaki matupu, leta mtu wako. Sitasema neno."

"Wewe? Usiseme neno?"

"Nitakaa Kaaga na mdomo wangu."

"Na utapiga dawa gani? Ile itakayommaliza mama?"

"Si kemikali. Ni bakteria."

Alinitazama mpaka nikaona aibu. "Mama ana kifua kibovu, na wewe unataka kumletea bakteria."

Nilikuwa nimeyasikia hayo mambo kwenye chumba cha walimu. Mwenzangu mmoja ameolewa Mikinduri, na mume wake alikuwa ameacha dawa za dukani kwenye kahawa yake, anatengeneza za kwake kwenye pipa. Nilikwenda kumwona, kwa sababu mimi siamini kitu mpaka nikione. Akaniambia si bakteria wote ni wa kuleta magonjwa. Hawa wake ukiwapuliza kwenye jani mapema wanakaa pale, wanakula kilichopo, na ukungu ukija unakuta nafasi zimejaa, kama harusini watu wa kwanza wanapokuwa wamekwisha kaa kwenye viti vyote. Wengine hutoa kitu cha kuuzuia ukungu usiote. Mtu havuti sumu yoyote. Alinipa chupa ya soda iliyojaa maji ya rangi ya chai, akaiita mbegu. Niitie kwenye pipa la maji na molasi, nifunike kwa kitambaa, nikoroge asubuhi na jioni. Likifaulu litatoa povu na harufu ya uchachu, kama uji uliolazwa.

"Na lisipotoa harufu?"

"Litatoa tu, mwalimu. Hao hawajui kukataa kazi."

Basi kaka akakubali, shingo upande. Mtu wa pawa soo akaambiwa arudi mwezi wa sita.

Pipa la kwanza nililianza mvua zilipokuwa zinanukia tu. Nililiweka nyuma ya jikoni, nikalijaza maji ya tangi, nikatia molasi na mbegu, nikamwachia mama kazi ya kukoroga. Wiki iliyofuata nilipofunua kitambaa nilikuta maji meusi, matamu, yametulia. Hakukuwa na povu. Nilipiga simu Mikinduri.

"Huko kwenu ni mlimani," yule bwana akasema. "Ni baridi. Lifunike na magunia."

Nililifunika magunia. Nikapuliza hivyo hivyo yale maji, kwa pampu mpya niliyonunua, jioni jua likiwa limeshuka, chini ya kila jani kama nilivyofundishwa, mikono ikiniuma. Mvua zikaja kwa nguvu. Na kutu ikaja nazo, haikujali jasho langu hata kidogo. Ilianza kwenye mistari ya chini, upande wa mtoni, ikawa inapanda kuelekea nyumba.

Shule zilipofungwa mwezi wa nne nilirudi nyumbani kwa likizo nzima, na pipa la pili. Hili nililihamishia ndani ya jikoni, karibu na moto, lisipate hata tone la baridi. Nililikoroga kwa mkono wangu mwenyewe. Asubuhi nilikuwa naamka nikiliwaza kabla sijamwaza Mungu. Nalo likakaa kimya. Nikiinama na kunusa, nilikuwa napata molasi, na nyuma ya molasi harufu nyingine nyepesi niliyoizoea tangu utotoni, ambayo kwa hiyo sikuinusa.

Kaka alipita siku moja akageuza jani la mti wa mlangoni, ule wa dirisha. Alinionyesha kidole chake. Kilikuwa cha chungwa.

"Ukungu umefika hapa," akasema.

"Nimeona."

"Hapana, hujaona. Wewe unakuja, unakoroga, unarudi mjini. Mimi ndiye ninayemsikia usiku akikohoa kwa kuhangaika na haya majani. Anashuka kule chini na mvua kuokota yaliyoanguka. Unajua hilo? Anayaokota moja moja ndiyo yasionekane mengi."

Sikujua. Nilihisi nimepigwa kofi, na nikipigwa huwa narudisha.

"Wewe unataka avokado tu," nikamwambia. "Umepata kisingizio. Kifua cha mama ni kisingizio."

Hayo ndiyo maneno niliyosema kwa mtu aliyembeba mama mikononi. Alikwenda ghalani, akaishusha pampu yake ya zamani kutoka kwenye boriti, akaiweka chini mbele ya miguu yangu kwa kishindo.

"Basi piga wewe," akasema. "Dawa iko ndani ya ghala, unajua ilipo. Piga hapa dirishani. Halafu umbebe wewe."

Mama alikuwa amesimama mlangoni akitusikiliza. Alikuja akaiokota ile pampu kwa shida, akairudisha ghalani mwenyewe, sisi wawili watu wazima tukimtazama. Mvua ikakatika siku ileile, ikawa jua kali la katikati ya msimu, na hewa ya pale nyumbani ilikuwa nzito hata kupumua.

Siku ya pili yake nilikuwa jikoni na mama. Nilikuwa nimenuna, na mama ana dawa moja tu ya mtu aliyenuna, nayo ni uji. Alinipa kikombe. Ulikuwa uji wa wimbi, mtamu, mzito, kama ambavyo umekuwa miaka yote. Nikaunywa nikilitazama lile pipa bubu, nikasema, kwa hasira zaidi kuliko kwa hamu:

"Mami, wewe ulikuwa unajua kuchachusha ucuru kuliko wanawake wote wa hapa. Mbona uliacha?"

Ucuru ndio uji wetu wa kulazwa. Unga unaloweshwa kwa maji, unaachwa karibu na moto mpaka uwe mchachu, ndipo upikwe. Nilipokuwa mdogo hakuna siku iliyopita bila ucuru kwetu. Yule mdogo wetu alikuwa akiulamba kwenye mwiko mpaka pua yake ibaki nyeupe.

Mama alisukuma kuni ndani kidogo.

"Sikuacha," akasema. "Ulikataa. Tulipomzika, nilikaa muda, halafu nikajaribu kuuloweka. Ukakaa tu. Nikajaribu tena. Ukawa unaharibika badala ya kuchachuka. Nikajua ni mkono wangu. Nikasema, huzuni imeingia mpaka kwenye mkono, nikaacha kujaribu."

Alilisema hilo kama mtu anayetaja bei ya sukari. Aliamini hivyo miaka yote hiyo, kwamba majonzi yake yanaua uji, na hakumwambia mtu.

Nilikuwa nimeshika kikombe cha maji ya kusuuza mdomo. Nilikipeleka mdomoni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikainusa ile harufu. Ni harufu ya zahanati. Niligeuza macho dirishani, na pale ilikuwepo, mahali pake pa siku zote, chupa ya dawa ya maji.

Muuguzi ndiye aliyempa chupa ya kwanza, wiki ya mazishi. Kifuniko kimoja kwa mtungi, alimwambia, na homa ya matumbo haitaingia tena nyumba hii. Mama hajawahi kupitisha siku. Aliposhindwa kuamini kifuniko kimoja alitia viwili. Kaka alipomnunulia tangi la kuvunia maji ya paa, mama alikuwa anapanda juu ya stuli kila Jumapili kabla ya kanisa na kumimina chupa nzima. Sisi tulikua tukiinywa ile klorini, hatukuugua, na hatukuwa tunaisikia tena. Ni dawa ya kuua bakteria. Nami nilikuwa nimewamimina bakteria wangu ndani yake, mara ya kwanza na ya pili, nikawafunika magunia wasipate baridi.

Nilitoka nje nikapiga simu Mikinduri. Nikamweleza yule bwana kuhusu dawa ya maji.

"Klorini?" akasema. "Hao watoto walikufa hata kabla hujaweka kifuniko, mwalimu. Tafuta maji yasiyo na dawa. Ya mvua ama ya mto. Na uharakishe."

Ya mvua hayakuwepo, jua lilikuwa linawaka. Ya mfereji wa mradi wa maji, wanayotumia majirani, hutiwa dawa hukohuko juu. Yalibaki ya mto.

Nasema ukweli, nilitaka kwenda kimyakimya. Nilichukua mtungi nyuma ya ghala nikapanga kupita upande wa migomba, nisionekane dirishani. Mto ule ndio uliotuletea homa ya matumbo. Mwaka ule mfereji ulikauka, na mama mwenyewe ndiye aliyeteka maji, akayaleta, akampa mtoto aliyekuwa analia kiu. Tangu siku ya mazishi hakuwahi kukanyaga ile njia zaidi ya ile miti miwili. Ningemwambiaje mtu kama huyo kwamba dawa yake ndiyo inayoua kahawa yake?

"Unapeleka wapi mtungi?" mama akauliza. Alikuwa amesimama nyuma yangu.

Ningeweza kudanganya. Mimi ni mwongo mzuri nikitaka. Lakini niliutazama ule mkono wake, aliousingizia miaka yote hiyo, nikaona kwamba nikidanganya nitauacha na kosa ambalo si lake.

"Mami, si huzuni," nikasema. "Ucuru haukukataa kwa sababu ya mkono wako. Ni dawa ya maji. Inaua vile vidudu vinavyochachusha. Ndiyo iliyoua hata pipa langu. Nahitaji maji ya mto."

Nilingoja alie, au anifukuze. Uso wake haukuonyesha kitu. Kuku walikuwa wanaparura karibu na miguu yetu, na nilitamani kuwapiga teke kwa jinsi walivyokuwa hawajali.

"Dawa," akasema hatimaye.

"Ndiyo."

"Ile ya muuguzi."

"Ndiyo, Mami. Haikuwa mbaya. Ilitulinda. Ila haichagui, inaua wote."

Aliutazama mkono wake, upande wa juu na upande wa kiganja. Kisha akaingia ghalani akatoka na mtungi mwingine, ule mdogo.

"Ile njia ina utelezi mahali," akasema. "Twende nikuonyeshe pa kushika."

Tulishuka. Alitangulia, akipumua kwa sauti, akisimama kila mara kushika tawi. Majani ya mistari ile yalikuwa mabaya, mengine yalianguka tukiyagusa tu. Tulipofika kwenye miti miwili nilidhani atarudi. Alisimama, akaokota jani moja lenye kutu chini ya mti wa miguuni, akalitia mfukoni mwa aproni, akaendelea kuteremka. Mtoni alipiga magoti juu ya jiwe akauzamisha mtungi. Alitazama maji yakiingia mpaka mwisho. Nilitaka kumshika nikaogopa. Niliogopa mno siku ile, zaidi ya siku alipobebwa hospitalini, maana hapa mimi ndiye niliyemleta.

"Haya si ya kunywa," akasema, akiufunga mtungi kwa nguvu. Sijui alikuwa anamwambia nani.

Pipa la tatu tulilisugua kwa jivu, tukalisuuza kwa maji ya mto, tukalijaza. Niliomba mbegu nyingine, ikaletwa na mwalimu mwenzangu mpaka Embu mjini, nikaifuata. Na safari hii sikulala nikiwaza. Asubuhi ya pili mama ndiye aliyeniita. Alikuwa ameinama juu ya pipa, kitambaa mkononi. Povu lilikuwa limepanda hadi ukingoni, jeupe, linapasuka taratibu, na jikoni kote kulinukia uchachu. Nilipiga kelele kama mtoto. Mama hakupiga kelele. Alifumba macho akainusa ile harufu muda mrefu.

Tulipuliza jioni ile, na nikaendelea kuja kupuliza Jumamosi moja baada ya nyingine shule zilipofunguliwa. Mama alikuwa anateka maji katikati ya wiki, kidogo kidogo, kwa ule mtungi mdogo, na kulisha pipa lake molasi. Mvua zilirudi. Hata hivyo sikuwa na raha. Majani yaliyokwisha kushikwa yaliendelea kuanguka, na bakteria hawafufui jani. Kila Jumamosi nilikuwa nageuza majani nikiwa nimebana pumzi, na kila Jumamosi sikujua kama ninachokiona ni nafuu au ni tamaa yangu. Kaka hakuniuliza kitu. Tulikuwa tunasalimiana kama watu wa makanisa tofauti.

Mwezi wa sita kaka alikuja, kama alivyosema. Nilikuwepo. Nilimwona akishuka na mtu wa pawa soo, na mtu wa pawa soo alikuwa na petroli kwenye kidebe. Niliwafuata, nikiwa nimeahidi kutosema neno, na nikiwa nayo mengi.

Kaka alianzia chini. Alipita mstari kwa mstari, akivuta tawi, akigeuza jani, akilikwaruza kwa kidole. Matawi ya chini yalikuwa wazi. Ya katikati na ya juu yalikuwa na majani, na machipukizi mapya yaling'aa kama yamepakwa mafuta.

"Nusu imeanguka," akasema.

Ulimi uliniwasha.

"Nusu, mwalimu."

"Hiyo ilianguka kabla," nikasema, ahadi ikanishinda. "Angalia mapya. Angalia kidole chako!"

Hakukiangalia. Mtu wa pawa soo, ambaye hakuwa na muda wa kupoteza na ndugu wanaogombana, aliivuta kamba. Mashine ikanguruma, ikazima. Akaivuta tena, ikashika, akaiacha ingurume ipate moto. Alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwenye ile miti miwili, hajui ni ya nini.

Mama akaita kutoka jikoni. Hakutuita kwa majina, alisema tu, "Njooni mnywe uji, halafu mfanye mnachofanya."

Kwetu mama akiita hivyo, hata mtu wa miaka hamsini anakwenda. Tulipanda, tukaacha mashine ikinguruma bondeni. Mama alimpa kaka kikombe cha kwanza, kama mkubwa, kisha mimi. Kaka alikuwa bado amesimama, mgongo kwenye dirisha, amekasirika. Alipiga funda moja akasita, kikombe kikiwa mdomoni.

Nami nikaonja. Ulikuwa mchachu.

"Maji ya mto niliyachemsha kwanza, yakapoa," mama akasema haraka, kama mtu anayejitetea. "Nimeyachemsha sana. Sikutia dawa. Nilitaka tu kujua kama ni mkono."

Kaka ni mkubwa wetu. Yeye ndiye aliyekuwa akimbeba yule mdogo mgongoni, na yeye ndiye aliyekuwa akimfuta pua ile nyeupe. Alimtazama mama. Alikitazama kikombe. Kisha akakitazama kidole chake, kile alichokwaruzia majani mstari baada ya mstari. Kilikuwa na umande na uchafu wa kawaida wa shamba, hakuna rangi ya chungwa. Akaunywa uji wote bila kupumzika, machozi yakimshuka, bila kuyafuta.

Alikwenda mlangoni akapaza sauti, "Zima hiyo kitu!"

Mashine ikaendelea kunguruma, yule mtu hakusikia. Kaka alitoka na kikombe mkononi, akashuka mbio kama kijana kati ya mistari, akimpungia, mpaka chini kabisa kwenye ile miti miwili. Ngurumo ikakatika. Tulimsikia akisema kitu, kisha wakaanza kupanda pamoja.

Mama alikwisha chukua kikombe cha tatu na kukijaza.